Wastani Hauelezi Mto Rufiji

Bonde la mto Rufiji, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 177,000, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba lina mto mmoja wenye tabia moja, ambao hufurika mvua inapozidi na hukauka mvua inapoadimika. Maelezo hayo ni mepesi mno kuliko hali halisi, na wepesi wake umewagharimu watu wengi, kwa sababu maji ya juu kabisa na maji ya chini kabisa katika bonde hili hayatokei mahali pamoja, hayana sababu moja, wala hayarudi kwa mpangilio unaoweza kutambuliwa katika rekodi ya miaka michache.

Mto huo hulishwa na matawi makuu matatu. Ruaha Mkuu hukusanya maji ya karibu nusu ya bonde lote, lakini hupita katika nyanda kavu, na mchango wake katika mtiririko wa mwaka, yaani jumla ya maji yanayopita mtoni, hukadiriwa kuwa asilimia 15 tu. Kilombero, ambao dakio lake, yaani eneo linaloukusanyia maji, halifiki robo ya bonde, huleta zaidi ya nusu ya maji yote, kwa kuwa milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge hupata mvua nyingi. Luwegu, utokao kusini, hukutana na Kilombero kwenye maporomoko ya Shuguri, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Kwa hiyo ukame mkali wa Ruaha unaweza kuwapo wakati mmoja na maji ya kutosha huku chini, na anayesimama na kipimo chake kwenye korongo la Stiegler, ambako Rufiji hupita, asijue kwamba mamia ya kilomita juu yake viboko wamebanana katika madimbwi ya mwisho.

Jambo hilo limetokea kweli. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukiacha kabisa kutiririka kwa wiki nyingi za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ilhali zamani ulitiririka mwaka mzima. Sababu yake inastahili kuelezwa kwa utulivu. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Mbeya na Njombe huingia kwanza katika tambarare ya Usangu, ambako sehemu yake huchepushwa kwenda mashamba ya mpunga, kisha yanayobaki huingia katika ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, nao umezuiwa na kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya kizingiti mto huendelea, yakishuka chini yake mto hukatika, hata kama ndani ya ardhioevu bado kuna maji mengi yanayoendelea kupotea kwa mvuke. Hivyo upungufu mdogo wa maji yanayoingia, ambao wakati wa masika usingeonekana kabisa, wakati wa kiangazi hutosha kuufikisha mto kwenye sifuri.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990 bwawa la umeme la Mtera, lililo chini zaidi katika Ruaha Mkuu, lilishuka sana, umeme ukawa wa mgao, na lawama zikawaangukia wakulima na wafugaji wa Usangu. Mwaka 2006 wafugaji wengi wakaondolewa huko pamoja na mifugo yao. Hapa ndipo kosa la kuchanganya aina mbili za upungufu linapoonekana waziwazi. Mtera hujazwa hasa na maji mengi ya msimu wa mvua, yakiwamo yale ya Ruaha Mdogo na Kisigo ambayo hayapiti Usangu kabisa, na kiasi kinachochepushwa wakati wa kiangazi, ingawa kinatosha kuukausha mto ndani ya hifadhi, ni kidogo sana kikilinganishwa na mahitaji ya bwawa. Kukauka kwa mto kiangazini na kushuka kwa Mtera ni matukio mawili, kila moja na hesabu yake, na haikuwa haki kumtwisha mtu mmoja mzigo wa yote mawili.

Upande wa mafuriko nao una jiografia yake. Maji ya Kilombero yanapofurika husambaa kwanza katika tambarare pana inayopita karibu na Ifakara, na tambarare hiyo huyashikilia na kuyaachia polepole, hata kilele cha mafuriko, yaani kiwango cha juu kabisa kinachofikiwa, kikawa kifupi kwa kimo lakini kirefu kwa siku. Luwegu hauna tambarare ya ukubwa huo. Ukali wa mafuriko yanayofika Utete au Ikwiriri hutegemea basi kama vilele vya matawi vimekutana au vimepishana, na siku chache za kupishana zinaweza kuamua kama maji yatarutubisha mashamba au yatayasomba.

Kwa upande wa wakati, kipimo kinachotumiwa zaidi ni kipindi cha marejeo, ambacho hueleza mafuriko ya kiwango fulani kwa idadi ya miaka. Mafuriko ya miaka 100 hayamaanishi kwamba yakitokea leo hayatarudi kwa karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka una uwezekano wa asilimia 1 wa kuyapata, na katika miaka 30 ya maisha ya nyumba moja uwezekano huo hufikia takriban asilimia 26. Tena hesabu hiyo hudhani kwamba miaka yote inafanana, jambo ambalo Afrika Mashariki hulikanusha mara kwa mara. Mwaka 1961, mwaka 1997 na mwaka 2019, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto zaidi kuliko upande wa mashariki, na mvua za vuli zikazidi mno. Baada ya mvua za 1961, Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Mhandisi aliyetegemea vipimo vya miaka ya 1960 peke yake na yule aliyetegemea vya miaka ya 1990 wangesanifu mabwawa tofauti kwa mto uleule.

Warufiji wa delta na tambarare ya chini waliishi na mabadiliko hayo kwa maarifa yao wenyewe: walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na maji yalipopungua walipanda mlau, kilimo cha kiangazi katika udongo uliobaki na unyevu. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamishia wengi kwenye ardhi ya juu, lakini mashamba yalibaki bondeni, kwa kuwa mafuriko yaleyale yaliyotisha ndiyo yaliyolisha.

Tangu Desemba 2022, bwawa la Julius Nyerere katika korongo la Stiegler lilipoanza kujazwa, vilele vya Rufiji vinatengenezwa pia na mikono ya watu wanaofungua na kufunga milango ya bwawa. Mwezi Aprili 2024 mvua kubwa na maji yaliyofunguliwa yalikutana, na wakazi wa Rufiji na Kibiti wakapoteza nyumba na mazao. Uamuzi wa kufungua milango hauwezi kuwa mzuri kuliko taarifa zinazoufikia, na taarifa hizo hutoka katika vituo vya kupimia maji vya Kilombero, Luwegu na Ruaha, ambavyo kimoja kikiacha kusomwa kwa msimu mmoja, pengo lake haliwezi kuzibwa tena na fedha za msimu unaofuata. Fedha za kuvitunza ni kidogo mno mbele ya gharama za bwawa lenyewe, kwa hiyo hakuna sababu ya haki ya kuvipuuza. Wakulima wa mlau nao wanastahili kujua mapema, kabla ya kununua mbegu, maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani, na wanastahili kuwamo katika kikao kinachopanga ratiba hiyo.