Kutoka Langoni Hadi Behewani

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wetu wa mwaka na mmoja wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa nizungumze juu ya kazi yangu serikalini. Lakini kwa kuwa wengi wetu tulifika hapa Tabora kwa treni, nimeona afadhali nizungumze juu ya stesheni.

Reli ilifika hapa mwaka 1912. Kaka zetu wakubwa walikuja kwa waranti ya serikali, sisi kwa nauli ya wazazi, ila tranka lilikuwa lile lile. Mpango wa stesheni ulikuwa mwepesi: unatoka barabarani, unapita jengoni, uko jukwaani. Taabu ilianza hapo, maana jukwaa lilikuwa chini na behewa juu. Tranka liliinuliwa na watu wawili. Aliyekosa mwenzake alilipitisha dirishani na kuombea mema.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mama yangu kwenye stesheni moja ya kisasa, ambayo sitaitaja. Mama anatembea kwa mkongojo. Jengo linapendeza kweli kweli, vioo vitupu. Teksi ilituacha lango la mbele, kumbe ukaguzi wa mizigo uko upande wa pili. Kutoka hapo ni ngazi za kupanda hadi ukumbi wa kusubiria, kisha ngazi nyingine za kushukia jukwaani. Lifti ilikuwepo, ila siku ile ilikuwa mbovu. Mama alikaa katikati ya ngazi, watu wakimpita kulia na kushoto, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo treni wameificha wapi?" Treni iliondoka. Tuliiona vizuri sana kupitia vile vioo.

Ndugu zangu, nilitaka kumlaumu mtu nikashindwa. Mwaka uliotangulia nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopitia michoro ya jengo la umma. Tulibishana juu ya rangi ya paa karibu asubuhi nzima. Hakuna aliyeuliza mtu mwenye mzigo atatembea hatua ngapi, atapanda ngazi ngapi. Nilitia sahihi pamoja na wenzangu.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, nami huipanda kwa furaha. Dar es Salaam stesheni mpya imejengwa jirani na ile ya zamani, hivyo mtu wa Kariakoo anaweza kufika kwa miguu. Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji. Sababu zipo: treni ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kukata kona kali katikati ya nyumba za watu, na fidia ya viwanja vya mjini ni kubwa. Basi stesheni ikiwa mbali, kituo cha daladala nacho kichorwe tangu siku ya kwanza, mlango kwa mlango. Wenzetu wa Kapiri Mposhi wanayajua haya. TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilimalizikia karibu kilomita 2 kutoka stesheni ya reli ya Zambia. Abiria wa Lusaka alishuka, akajitwisha mzigo, akaanza safari nyingine kutafuta treni ya pili.

Mkataba wa kipande cha reli mpya kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa sahihi mwaka 2021, kwa hiyo jambo hili linawahusu vijana wa hapa. Nimemwomba Mwalimu wa Jiografia, naye amekubali, kwamba Jumamosi ijayo wanafunzi wa kidato cha tano waende stesheni yetu ya zamani na tranka lililojaa vitabu. Walibebe kwa zamu kutoka barabarani hadi mlango wa behewa, wahesabu hatua na vipandio, waandike na mahali walipolitua kupumzika. Kamati yetu inakutana tena mwezi ujao. Nimeahidi kuisomea karatasi yao kabla hatujafika kwenye rangi ya paa.