Kete Moja Baada ya Kuacha: Dawa za Kulevya Zinavyofanya Kazi Mwilini

(Mazungumzo haya yalitolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wazazi na wazee wa mitaa, Mji wa Kale. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.)

 

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuandika habari za kaunti, na katika kazi hiyo kuna swali moja ambalo wazazi wa kisiwa hiki huniuliza kuliko yote: mbona kijana wetu alikuwa ameacha, miezi mitatu hajagusa, kisha akafa kwa kete moja? Jibu lipo, na halihitaji elimu kubwa kulielewa. Lakini tukitaka kulifikia, itabidi kwanza tuingie ndani ya kichwa.

Nitaanza na unga, yaani heroini, kwa sababu ndio unaotuzikia watoto. Asili yake ni utomvu wa mpopi, unaolimwa mbali na hapa, na huletwa kwa majahazi kupitia bahari hii hii yetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini nje ya pwani ya Kenya. Miezi michache baadaye meli nyingine iliyokuwa imezuiliwa hapa Kilindini ilikutwa na heroini ndani ya tangi la dizeli. Ikapelekwa baharini ikalipuliwa Agosti mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Sehemu kubwa ya mizigo ya aina hii huwa safarini kwenda Ulaya. Lakini gunia la mchele likipita njia moja kila siku, punje haziachi kumwagika, na sisi ndio tunaoishi njiani.

Sasa, ubongo una dawa yake wenyewe ya maumivu. Ukijikwaa, ukizaa, ukikimbia mbio ndefu, ubongo hutoa kemikali zinazoitwa endofini. Kemikali hizo ni kama funguo, na kwenye ubongo kuna kufuli zake. Ufunguo ukiingia, maumivu hupungua na moyo hutulia. Heroini inapofika kichwani hugeuka mofini, na mofini inaingia kwenye kufuli zile zile, ila kwa nguvu ambayo ubongo haukuumbiwa. Hapo hapo hufumuka dopamini, kemikali inayouambia ubongo: hili ni muhimu, likumbuke, lirudie. Ndiyo kemikali inayotufundisha kutafuta chakula. Kwa hivyo ubongo unaandika unga kwenye ukurasa mmoja na chakula na maji. Mzazi anayeuliza "kwani haoni anajiharibu?" ajue kwamba kijana anaona vizuri. Lakini sehemu inayoona na sehemu inayotamani ni mbili tofauti, na hii ya pili haisikii nasaha.

Baada ya wiki chache, ubongo hujirekebisha. Kufuli hupungua makali, na endofini za asili hazitoshi tena. Kete iliyomlevya mwanzo sasa haimfanyi kitu, hivyo anaongeza. Akiikosa kwa saa sita hadi kumi na mbili, inaanza arosto: miayo, macho na pua kutiririka maji, malaika kusimama kama mwenye baridi, kutapika, kuhara, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja. Hizi si hila za kuombea pesa. Ni mwili unaopiga kelele kwa sababu kizuizi kimeondolewa ghafla.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa nia njema. Familia inamfungia kijana chumbani siku kumi, au inampeleka kwa jamaa shamba. Anatapika, analia, kisha anatulia. Anakula, uso unarudi, watu wanasema alhamdulillahi amepona. Kweli, mwili umetulia. Ule uzoefu wa kubeba unga mwingi umeondoka, na huondoka upesi, ndani ya siku na wiki. Lakini ile kumbukumbu iliyoandikwa na dopamini bado ipo pale pale, na inaweza kukaa miaka. Akipita kichochoro alichokuwa akivutia, akikutana na rafiki wa maskani, akigombana na mkewe, inaamka. Naye akirudi, anarudi na kipimo chake cha zamani, kwa sababu ndicho anachokijua. Kichwa kinakumbuka kete tatu. Mwili hauwezi hata moja.

Kinachomuua ni pumzi. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Na kikohozi kilitulia kweli, kwa sababu dawa hii hulaza sehemu ya chini ya ubongo, kwenye shina lake, panapotawaliwa kikohozi na panapotoka amri ya kuvuta pumzi. Ikizidi, amri inakatika. Mtu hajisikii kukabwa. Analala tu, pumzi zinapungua, nane kwa dakika, nne, kisha kimya. Ndiyo maana siku za kwanza baada ya kutoka Shimo la Tewa, au kutoka kituo cha kurekebishia tabia, au mara tu baada ya mwezi wa Ramadhani kwa aliyejizuia mwezi mzima, ni siku za kuogopwa kuliko zile alizokuwa akitumia kila siku.

Bugizi inaongeza hatari. Vidonge hivi vya usingizi hulaza ubongo kwa mlango mwingine, na vikikutana na unga, au na mnazi, pumzi inavutwa chini kutoka pande mbili. Tena mtu aliyezoea bugizi au pombe kali kwa muda mrefu asikatishwe ghafla nyumbani, kwani anaweza kupata kifafa na kufa. Huyo apelekwe hospitali, apunguziwe polepole.

Muguka na miraa zina njia nyingine kabisa. Kemikali yake, kathinoni, ni ndugu wa amfetamini: inakimbiza moyo, inabana mishipa, inapandisha presha, inafukuza usingizi na njaa. Mnakumbuka Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka humu kaunti na jambo hilo likaishia mahakamani. Mvutano wa sheria nawaachia mawakili. Ninachoomba mkitazame ni kijana anayetafuna usiku kucha kisha akatafuta bugizi alfajiri ili apate kulala. Wengi huingilia mlango huo. Bangi nayo hushika sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, na kwa kuwa ubongo hauishi kukomaa mpaka miaka ya ishirini na tano hivi, mvulana wa darasa la nane anayeivuta anacheza na nyumba ambayo bado inajengwa. Kwa baadhi yao huamsha wazimu.

Nirudi kwa unga. Ukimkuta mtu hazinduki, anakoroma vibaya au pumzi ni za mbalimbali, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo na kucha zimepauka kama jivu, usimwage maji baridi, usimpe maziwa wala chumvi, usimzungushe mtaani. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano, huku mwingine akitafuta gari la Hospitali Kuu ya Pwani. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Kuna dawa inaitwa naloksoni ambayo huzing'oa zile funguo za heroini kwenye kufuli, na mtu huzinduka kwa dakika chache. Lakini nguvu zake huweza kwisha baada ya nusu saa au saa moja na ushei, unga ukiwa bado mwilini, kwa hivyo asiachwe peke yake hata akisema yuko sawa. Na msimkimbie kwa kuogopa polisi.

Kuhusu methadoni, nasikia mabarazani kwamba ni kubadilisha unga kwa unga. Si hivyo. Methadoni hunywewa mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku, na hukaa kwenye kufuli zile kwa zaidi ya saa ishirini na nne bila kupandisha wala kuangusha. Arosto haiji, tamaa inapungua, sindano inawekwa chini, na uzoefu wa mwili haupotei ghafla. Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014 kule Mathari, na mwaka 2015 ikafika Malindi na Kisauni kwetu hapa. Haina malipo. Gharama iliyopo ni nauli ya kuvuka daraja la Nyali kila siku, na hiyo ndiyo inayowashinda wengi wa kisiwani. Mwenye kijana anayehudhuria, mtangulizie nauli mkononi mwa konda, si mkononi mwake, mpaka miezi ya mwanzo ipite.

Simu ya NACADA ni 1192, haitozwi. Muuguzi tuliyekuja naye amekaa pale nyuma karibu na mlango. Mwenye swali ambalo hataki jirani alisikie, amfuate huko huko.