Malipo ya Maziwa Ndiyo Msingi wa Kampuni
Hotuba kwa viongozi wa kampuni na vyama vya ushirika, Kaptagat



Mkulima wa Kaptagat hukama alfajiri na kupeleka maziwa kabla hayajaharibika. Pesa huzisubiri hadi mwisho wa mwezi. Kwa hivyo, kila siku mkulima huikopesha kampuni bila riba. Mkurugenzi akilisahau hilo, kampuni iko hatarini.

KCC ilianzishwa mwaka wa 1925, na kwa miaka mingi ilitawala soko la maziwa mijini. Mwaka wa 1992 serikali ilifungua soko hilo. KCC ilikuwa na mitambo, magari na jina, lakini malipo yalichelewa. Wachuuzi walikuja na pesa taslimu, wakulima wakawafuata. Maziwa yalipungua viwandani, madeni yakazidi. Mwaka wa 2003 serikali iliirejesha mikononi mwa umma, ikawa New KCC.

Funzo ni hili: mtambo hununuliwa, imani ya mkulima hainunuliwi. Kila bodi ipange siku ya malipo na kuiheshimu. Iweke akiba msimu wa bei nzuri, kwa maana mvua ikinyesha maziwa huwa mengi na bei hushuka. Malipo ya mkulima yajadiliwe kwanza, kabla ya gari jipya na marupurupu ya wakurugenzi.

Nao wanachama wahudhurie mkutano mkuu wa mwaka na kudai hesabu zilizokaguliwa. Hiyo ni haki yao.