Hewa ya Lori Wakati wa Kipupwe



Kule Makete, penye uwanda wa Kitulo unaopita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, sakitu huanguka mwezi Juni na Julai. Hewa yenyewe ni pungufu kwa karibu robo kuliko ya pwani. Injini ya dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa inayoshindiliwa ndani ya silinda. Hewa ikiwa baridi, lori hukataa kuwaka, na lawama huangukia chujio.

Ndipo huzaliwa bomba la kienyeji: chujio hutolewa, bati likakunjwa, likafungwa kwa mpira wa baiskeli. Ufundi upo, ila ugonjwa si huo. Chujio lililoziba lisafishwe au libadilishwe. Kuliondoa ni kuangamiza mali ya chama, kwani miezi hiyo ya baridi ndiyo ya vumbi pia. Vumbi husaga ringi na silinda, lori likaanza kunywa oili, na gharama ya kufufua injini hukatwa katika mazao ya wanachama.

Anayetaka kuinua mdomo wa bomba kwa ajili ya vivuko vya mito na auinue, mradi chujio libaki kati ya mdomo huo na injini, na maungio yasipitishe hewa. Maji hayashindiliki; yakiingia silinda, konrodi hupinda.

Kwa baridi, betri ichajiwe, injini ifunikwe turubai usiku ikishapoa, na plagi za kupasha zipewe muda wake. Etha isinyunyizwe kamwe penye plagi hizo: hulipuka. Moto wa kuni chini ya tangi upigwe marufuku, na katibu aandike katika daftari la lori tarehe ya kila ukaguzi wa chujio.