Mwenye Amana Asiyeonekana: Filamu ya The International na Anguko la BCCI

Filamu ya kusisimua ya The International, iliyoongozwa na Tom Tykwer na kufungua Tamasha la Filamu la Berlin mwezi Februari 2009, husifiwa kwa jambo ambalo ndilo udhaifu wake mkubwa. Wanaoisifu hudai kwamba imethubutu kutamka ukweli kuhusu benki za kimataifa, yaani kwamba taasisi hizo zimefungamana mno na serikali, majeshi na wauza silaha hata sheria haiwezi kuzigusa, na kwamba anayetaka haki hana budi kuitafuta nje ya mahakama. Mhadhara huu unashikilia kwamba rai hiyo inakanushwa na historia ya benki ambayo filamu iliichukua kuwa kielelezo, na kwamba inamsahau kabisa mtu aliyeibiwa.

Benki hiyo ni Bank of Credit and Commerce International, maarufu kwa kifupi cha BCCI, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Agha Hasan Abedi wa Pakistan, ikasajiliwa Luxembourg, ikaendeshwa kutoka London na kufika katika nchi zaidi ya 70, Kenya ikiwamo. Ilifungwa mwaka 1991 kwa sababu ya udanganyifu mkubwa, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Katika filamu, ambamo benki inaitwa IBBC, mkuu wake Jonas Skarssen anauawa juu ya mapaa ya Istanbul na muuaji aliyetumwa na wana wa mtengeneza silaha, kisha magazeti yanayopita mwishoni yanaonyesha kwamba benki imepata uongozi mpya na biashara inaendelea. Mwisho huu ndio unaoitwa ujasiri. BCCI, hata hivyo, haikuendelea. Tarehe 5 Julai 1991 wasimamizi wa mabenki wa nchi kadhaa waliifunga kwa pamoja, baada ya kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Price Waterhouse kuwasilisha ripoti iliyofichua udanganyifu mkubwa, na kabla ya mwezi huo kwisha mwendesha mashtaka wa Manhattan, Robert Morgenthau, alikwisha kuifungulia mashtaka. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa mafaili na mizania, na walifanya ndani ya sheria.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni kwamba BCCI ilikuwa rahisi kuangushwa kwa sababu haikuwa na taifa kubwa la kuilinda, ilhali benki ya HSBC, iliyokubali mwaka 2012 kulipa serikali ya Marekani takriban dola bilioni 1.9 kwa kushindwa kuzuia utakatishaji wa fedha haramu, ilibaki imesimama bila mkuu wake yeyote kushtakiwa. Hoja hii inastahili heshima. Hata hivyo inathibitisha tu kwamba ushahidi uliopatikana haukutumiwa ipasavyo, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kusema kwamba ushahidi haupatikani.

Asiyeridhika na aisome ripoti ya maseneta John Kerry na Hank Brown ya Desemba 1992, ambayo kwa maoni ya mhadhiri ni maandishi ya kusisimua kuliko filamu yoyote ya aina hii. Humo mna maelezo ya kampuni mama na kampuni tanzu zilizopangwa kwa makusudi ili asiwepo msimamizi hata mmoja anayeiona benki yote. Ya wakaguzi wawili tofauti, mmoja akikagua hesabu za Luxembourg na mwingine za visiwa vya Cayman. Na ya wamiliki wa jina tu, yaani watu walioandikwa kuwa wenye hisa ilhali fedha na uamuzi vilikuwa vya BCCI, mbinu iliyotumika kuinunua kwa siri benki ya First American jijini Washington. Ripoti inaeleza pia jinsi Benki Kuu ya Uingereza, wakaguzi na serikali ya Abu Dhabi, iliyokuwa mwenye hisa mkuu, walivyojua hali ya benki tangu mwaka 1990 huku wateja wakiachwa waendelee kuweka fedha. Hapakuhitajika risasi, ukimya wa ofisini ulitosha.

Tykwer alijenga upya ndani ya jengo moja nchini Ujerumani ukumbi wa jumba la makumbusho la Guggenheim ili aupasue kwa risasi, na wanafunzi waliohudhuria semina za mhadhiri huyu hulikumbuka tukio hilo kwanza. Wachache hukumbuka mazungumzo ya Milan, ambamo mtengeneza silaha Calvini anaeleza kwamba benki haitafuti faida ya makombora bali deni litakalozaliwa na vita. Dakika hizo chache zina elimu zaidi kuliko mapigano yote.

Lakini hata humo hayumo mwenye amana, yaani mteja aliyeweka fedha zake benki. Miongoni mwa wenye amana wa BCCI walikuwamo wenye maduka wa asili ya Asia Kusini nchini Uingereza, na pia halmashauri ya visiwa vya magharibi mwa Scotland, iliyopoteza zaidi ya pauni milioni 20 za umma. Kwa niaba ya watu kama hao, wafilisi wa BCCI waliishtaki Benki Kuu ya Uingereza, katika kesi ambayo hotuba ya ufunguzi ya wakili wa benki hiyo pekee ilichukua siku 119, na ambayo wafilisi waliiacha mwezi Novemba 2005. Filamu haikuigusa.