Sauti Ndani ya Ngoma: Mwanamke na Hadithi za Kutisha



Bibi yangu alikuwa na hadithi ambayo hakuisimulia mchana. Binti alikwenda pwani na wenzake kuokota makombe, akasahau kombe lake zuri mwambani. Wenzake wakakataa kurudi naye. Akarudi peke yake, akalikuta zimwi limekaa juu ya mwamba. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likazunguka naye kijiji hadi kijiji. Kila likipiga, binti anaimba humo ndani. Watu wanacheza, wanaliandalia zimwi wali na kuku, wanalisifu kwa ngoma yake tamu. Mpaka lilipofika kijijini kwao, mama akaitambua sauti.

Utotoni nililiogopa zimwi. Siku hizi nawafikiria zaidi wale waliocheza, vijiji vizima, pasiwe na hata mmoja aliyeuliza ni nani anayeimba.

Mhadhara huu unahusu wanawake walioandika hadithi za kutisha na bunilizi za kisayansi. Ningeweza kuanza na Mary Shelley, ambaye Frankenstein yake ilitoka London mwaka 1818 bila jina la mwandishi, na Walter Scott akadhani ni kazi ya mumewe, Percy. Lakini nataka tukae na mwingine, ambaye huku kwetu hatajwi sana ingawa utotoni alifika jirani.

Alice Bradley alizaliwa Chicago mwaka 1915. Akiwa na miaka sita tu wazazi wake walimchukua katika msafara wa Carl Akeley hadi kwenye milima ya volkeno ya Kivu, Kongo, kuwinda sokwe wa milimani kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Mama yake, Mary Hastings Bradley, alikuwa mwandishi, na mwaka 1927 akatoa kitabu cha watoto, Alice in Jungleland. Jina la binti likawa jaladani kabla yeye mwenyewe hajawa mwandishi. Alikua, akatumikia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili akichambua picha zilizopigwa kutoka angani, akaolewa na kuitwa Alice Sheldon, akapitia CIA, na mwaka 1967 akapata shahada ya uzamivu ya saikolojia. Mwaka huohuo, dukani, aliona chupa ya jamu ya machungwa iliyoandikwa Tiptree. Akajiita James Tiptree. Mumewe akaongeza Junior.

Hadithi zilianza kutoka mwaka 1968, na tuzo zikafuata. Mwaka 1975 Robert Silverberg, mwandishi aliyeheshimika, alitoa hoja katika utangulizi wa mkusanyiko mmoja wa Tiptree kwamba uandishi ule una uanaume usiokanushika. Mwaka uliofuata mama yake Alice alifariki, na kwa tanzia iliyochapishwa Chicago wasomaji wakaunganisha mambo, wakagundua kwamba Tiptree ni Alice.

Ndani ya mkusanyiko uleule kuna hadithi ya mwaka 1973, "The Women Men Don't See". Msimulizi ni Don Fenton, mwanamume. Ndege ndogo inaanguka kwenye mikoko ya pwani ya Yucatán, Mexico, ikiwa na rubani, Fenton, na mama na bintiye, Ruth na Althea. Fenton anamtazama Ruth mfululizo, na kila anachokisia juu yake anakosea. Akidhani anamtamani, anakosea. Akidhani anamwogopa, anakosea pia. Viumbe wa sayari nyingine wanapofika, Fenton anafyatua bastola. Ruth anawaomba viumbe wale wamchukue yeye na mwanawe, nao wanaondoka. Mwanamke huyu ana kazi serikalini na mshahara wake, lakini kurudi kwenye maisha yale kunamtisha kuliko kwenda asikokujua. Hofu ya hadithi nzima imekaa hapo, na Fenton hadi mwisho haioni. Mwandishi ametupa macho ya mtu asiyeona, akatuacha tuone kupitia kwake. Kwangu mimi huo ni ufundi wa hali ya juu.

Kiingereza kilimlazimisha kila mhakiki wa Tiptree achague kiwakilishi cha kiume au cha kike, sentensi baada ya sentensi. Kiswahili hakitulazimishi. Tukisema "aliandika", hatujasema mume wala mke. Hata hivyo nimekaa katika vikao vya kusoma miswada isiyo na majina, nikamsikia msomaji akisema kwa uhakika, "Huyu ni mwanamume, tazama damu ilivyomwagika." Nikamwomba anionyeshe sentensi yenye uanaume huo. Hakuipata. Lugha haikumtuma, alikuja na wazo hilo mwenyewe.

Na hapa hadithi ya bibi inanisahihisha. Ursula Le Guin na Joanna Russ, wanawake, waandishi, walikuwa wakiandikiana barua na Tiptree, wala hawakumtambua. Mama wa binti aliye ngomani alitambua kwa sababu alimlea mwenye sauti. Ndiyo maana siamini kwamba ipo "sauti ya kike" ya kutafutwa katika hadithi za kutisha. Kuna mahali mwandishi aliposimama, na yanayoonekana akiwa pale: jikoni, uzazini, barabarani usiku. Mary Shelley alimpoteza mama yake siku chache baada ya kuzaliwa, akamzika mtoto wake mchanga akiwa bado kijana, kisha akaandika juu ya kiumbe aliyetupwa na aliyemuumba. Ukilisoma zimwi lake bila kukumbuka hayo, umesikia ngoma tu.

Bibi yangu hakuandika. Aliketi mlangoni, taa ya chemli nyuma yake, tusiuone uso. Alipofika kwa mama, alipunguza sauti. Mama hakupiga kelele. Alilikaribisha zimwi, akalipa mtungi uliotoboka likateke maji mtoni. Likiwa huko, akafungua ngoma, akamtoa mwanawe, akajaza nyuki na siafu, akawamba ngozi upya.

Kisha bibi alinyamaza, na sisi tukasikiliza zimwi likirudi.