MILANGO YA SAYANSI NA WATOTO WETU

(Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya wanachama, ghalani. Ambaye hakufika asome hapa.)



Tumesimama kwa jambo moja. Watoto wetu wanaacha sekondari wanakimbilia machimbo ya Geita. Ukiwauliza wanasema, "Dhahabu haiulizi cheti." Jamani, tusidanganyane. Inauliza.

Mwaka 1940 Bwana John Williamson, Mkanada, aligundua almasi hapo Mwadui. Wazee wetu walichunga ng'ombe nchi hii miaka na miaka. Lakini yeye alikuwa amesomea jiolojia, yaani elimu ya miamba. Aliyeusoma mwamba akawa mwenye mgodi, sisi tukashika sululu.

Kwenye mwalo ni hivyo hivyo. Kijana anachanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu, halafu anaichoma. Ule mvuke unaingia mapafuni, unaharibu ubongo na figo, na hata mtoto aliye tumboni. Anayeijua kemia hachomi hovyo: anatumia chombo kilichofungwa, kinachonasa mvuke ukarudi kuwa zebaki.

Wala sayansi si madini peke yake. Mbegu za pamba tulizozizoea, UK91 na UKM08, zile herufi UK maana yake ni Ukiriguru, hapo Misungwi. Ni kazi ya wataalamu wa kilimo.

Sasa njia ni hizi:

1. Anayependa ufundi, chuo cha VETA kipo hapa Shinyanga.

2. Akimaliza Kidato cha Nne na kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, aweza kuomba vyuo vya afya: utabibu, uuguzi, maabara. Kilimo kinafundishwa hapo hapo Ukiriguru.

3. Akifika Kidato cha Sita kwa Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM), aweza kusomea uhandisi au jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB), udaktari ni miaka 5, na hata Bugando, Mwanza, wanafundisha.

Mmeona? Karibu kila mlango unapitia Fizikia na Kemia. Mtoto anayeyatupa masomo haya amejifungia mwenyewe. Na tuache kuwaambia mabinti kwamba hayo ni ya wavulana. Nani alisema?

Lakini tusiwalaumu watoto tu. Maabara ya sekondari yetu imesimama kwenye linta. Mwalimu anachora chupa ubaoni, mtoto hajawahi kuishika, mtihani wa vitendo unamkuta mgeni. Kwa hiyo tunaomba kila mwanachama akatwe shilingi 10 kwa kilo ya pamba msimu huu, tupaue. Tunajua bei ya pamba inavyotuchezea, nasi tunalima kama ninyi. Sisi wa kamati tutakatwa kwanza, na hesabu itabandikwa hapa hapa. Kura ni mkutano ujao.

Mzazi mwenye kijana duarani, amfuate kabla shule hazijafunguliwa. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulikuwa mkubwa, ulianza 2009, na 2021 ukafungwa. Mgodi una mwisho. Alichokisoma mtoto anakwenda nacho mgodi mwingine, au hospitali, au shambani.

Njooni tupige kura.

Kamati ya Elimu